Namba 17

Jumanne tarehe 7 Mei 2024, saa mbili unusu asubuhi, nilikuwa jikoni nakoroga uji. Binti yangu yuko mezani, juu amevaa sweta ya shule, chini suruali ya kulalia, laptopu ya babake iko mbele yake, na ticha anaita rejista kwa namba vile wanavyofanya darasani. Namba 14. "Prezenti, ticha." Namba 15. "Prezenti." Namba 16 akachelewa, kumbe alikuwa amejimyuti, mwisho akasikika. Namba 17.

Kimya.

"Namba 17?"

Kimya tena, zile kelele ndogo ndogo tu za watoto thelathini wasiosema kitu, mmoja anakohoa, kwa mwengine jogoo anawika.

"Huyo ni netwaki," ticha akasema. "Namba 18."

Namba 18 ni binti yangu. Hakujibu. Nikatoa kichwa mlangoni, mwiko mkononi, nikamwona anaitazama skrini tu. Ticha akarudia. Nikamwambia, "Jibu basi, mama." Akajibu, masomo yakaanza, nikarudi kwa uji wangu.

Mapumziko yalipofika alikuja jikoni, akasimama karibu na friji, akaniambia, "Mama, hiyo netwaki yake imeharibika tangu Alhamisi."

Hayo maneno nimekaa nayo wiki kadhaa sasa. Nayaandika leo kwa sababu nimechoka kuamka nayo usiku.

Sweta iliyopigwa pasi

Mvua ya mwaka huu sitaieleza, kila mtu ana yake. Nitasema tu kwamba Jumapili ya tarehe 28 Aprili nilipiga pasi yunifomu, nikapanga mkoba, nikanunua viatu kwa sababu vya muhula wa kwanza vilikuwa vishaanza kubana, na usiku wa kuamkia Jumatatu tangazo likatoka kwamba shule hazifunguliwi, tungoje wiki moja hadi tarehe 6. Kuna wazazi ambao watoto wao wa bweni walikuwa tayari wako kwa basi. Alfajiri hiyo hiyo ndiyo maji yalishuka Mai Mahiu, kule Bonde la Ufa hapa Kenya, yakabeba watu na nyumba zao wakiwa wamelala. Kwa hivyo viatu vipya havikuwa na uzito wowote siku hiyo. Niliviweka juu ya kabati, nikawasha redio.

Halafu Ijumaa tarehe 3 Mei Rais akahutubia, shule zikaahirishwa tena na safari hii bila tarehe. Walioaga dunia walikuwa wameshapita 200. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinakuja pwani, na mimi nina ndugu Mombasa, nina shangazi Lamu, nilishinda kwenye simu mpaka sikio likauma. (Kilipiga zaidi upande wa Tanzania, Mafia na kusini yake. Kwetu tulipata upepo na bahari kuchafuka.)

Katikati ya hayo yote shule yetu ilikuwa imeleta ujumbe kwenye grupu la wazazi wa Gredi ya 5. Kuanzia Alhamisi tarehe 2 masomo yatakuwa onlaini, saa mbili unusu hadi saa sita, linki itatumwa kila asubuhi, tafadhali hakikisheni mtoto amevaa nadhifu. Wazazi tukajaza mikono ya kushukuru. Nami nilituma mitatu.

Nilifurahi, niseme ukweli. Mtoto alikuwa ameanza kuogopa mvua, ikianza tu kugonga dirisha anakuja kukaa kwangu, na nikaona akipata kitu cha kufanya asubuhi atatulia. Na alitulia kweli. Hilo silikanushi hata sasa.

Tulishawahi kuyaona haya

Mwaka 2020 huyu binti alikuwa Gredi ya 1. Shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona, na zile wiki za kwanza tulijaribu kila kitu kilichotajwa, masomo ya redio, ya televisheni, yale ya YouTube ya taasisi ya mitaala. Nilikuwa namkalisha sebuleni na daftari, redio inaongea, ye anachora samaki. Mnakumbuka mpaka yale mabaluni ya Loon yaliyokuwa yapeleke intaneti kutoka angani, yalianza Julai mwaka ule na mwaka uliofuata yakaisha. Julai hiyo hiyo waziri wa elimu Magoha, Mungu amrehemu, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Wakubwa wachache wakarudi Oktoba, wengine wote tarehe 4 Januari 2021.

Na mwaka huo pia mvua ilikuwa mbaya! Hili watu husahau. Aprili na Mei 2020 kulikuwa na mafuriko na maporomoko, watu wamefungiwa nyumbani na korona na wengine hiyo nyumba yenyewe imeingia maji.

Kwa hivyo sisi wazazi wa rika hili tunajua. Mvua au ugonjwa ukija, mtoto anafungua laptopu, au simu ya mama, na tunasema masomo yanaendelea. Nimelisema hilo neno mara nyingi mno. Nilimwambia mama yangu Mombasa, "Masomo yanaendelea, mama, usiwe na wasiwasi." Akaniuliza, "Yaendelea kwa nani?" Nikaona ni maswali ya wazee, nikacheka, nikabadilisha mazungumzo.

Marehemu baba alikuwa mtu wa bahari, na kalenda ya ukutani kwake ilikuwa pambo. Alihesabu miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na kaskazi ikishaisha na kusi kuanza kusukuma alijua masika iko mlangoni, paa linatengenezwa, kuni zinaingizwa ndani. Likizo ya Aprili sisi tuliifahamu hivyo, ni wakati wa mvua, watoto wako nyumbani, barabara hazipitiki. Sijui kama waliopanga mihula walikuwa na hesabu hiyo kichwani lakini kwetu ilikuwa inaingiana. Safari hii Aprili iliisha mvua ikibeba nyumba za watu, na mwaka jana Novemba ilikuja vile ilivyokuja, baada ya kuambiwa Oktoba kwamba El Nino haitakuwa kama ilivyotabiriwa. Ningempa baba simu yangu yenye utabiri wa saa kwa saa, na sidhani ningeweza kumwambia ni mwezi gani wa kutengeneza paa.

Ujumbe nilioufuta

Turudi kwa namba 17.

Ni mwenzake wa dawati. Mwaka mzima uliopita na muhula wa kwanza huu wamekaa pamoja, 17 na 18, na kwa vile anaitwa baada yake, binti yangu amezoea kusikia sauti yake ndio ajiandae. Jina lake nitaliacha. Ni kijana mpole, aliwahi kuja kwetu sikukuu ya Idd akala pilau sahani mbili, halafu akaomba maji ya kunawa akaosha na sahani.

Mamake nilikuwa na namba yake kwenye grupu, tumesalimiana mara mbili tatu kwenye mikutano. Binti yangu aliponiambia ile habari ya tangu Alhamisi nilifungua grupu nikaandika, "Habari zenu wazazi, kuna mtu amesikia kutoka kwa mama wa..." Nikasimama. Nikafuta.

Kwa nini nilifuta? Hili ndilo nimejiuliza sana. Jibu la kwanza nililojipa ni kwamba halinihusu, mtu ana mambo yake. La pili, na hili liko karibu zaidi na ukweli, ni kwamba nilijua kwamba muhula wa kwanza kijana alirudishwa nyumbani kwa karo mara mbili. Nikafikiri, labda hana bando. Labda simu iko kwa fundi. Labda hawajalipa na wameona wanyamaze. Nikiuliza mbele ya wazazi 30, wote wataanza kufikiria hilo hilo, na mama wa watu ataaibika kwa sababu yangu. Tumelelewa hivyo, mtu ukimwona amepungukiwa unageuza uso, unamsitiri.

Nikampigia. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Nikapiga jioni, hivyo hivyo. Jumatano asubuhi rejista ikaitwa tena, namba 17, netwaki, namba 18.

Jumatano hiyo ndiyo ilitangazwa kwamba shule zitafunguliwa Jumatatu tarehe 13. Grupu likalipuka kwa furaha, na mimi pia nilifurahi, na nikajiambia, haya, Jumatatu tutamwona, mambo yamekwisha. Nilikuwa tayari kabisa kungoja hadi Jumatatu, siwezi kujificha.

Ni binti yangu aliyekataa. Akaniambia, "Mama, anakaa Reuben. Karibu na mto." Reuben ni mtaa wa mabanda kule Mukuru, Nairobi. Nilikuwa sijui. Watoto wanajua wenzao wanakaa wapi, sisi tunajua namba zao za simu.

Mama wa mahindi

Ijumaa tarehe 10 ilikuwa siku ya mapumziko, tumetangaziwa tupande miti kwa kuwakumbuka waliokufa. Mume wangu akaniuliza, "Utaenda kumwambia nini?" Sikuwa na la kumwambia. Nilivaa gambuti, nikachukua unga, sukari na majani ya chai kwenye mfuko, halafu nikauacha mfuko mlangoni manake niliona nitaonekana nimekuja kutoa msaada, halafu nikarudi nikauchukua. Nimesimama pale mlangoni na ule mfuko labda dakika kumi.

Binti yangu alikuwa ameniambia mamake huuza chapati karibu na geti la shule asubuhi. Nikaanzia hapo. Geti limefungwa, bawabu hayupo, kibanda cha chapati hakipo, kuna mama mmoja tu anachoma mahindi chini ya mwavuli. Nikamsalimia, nikamuuliza kama anamjua mama wa chapati.

Hakuinua hata macho kutoka kwa jiko lake. "Wa chapati? Maji yaliingia kwake ile wiki ya mwisho ya Aprili, usiku, hawakutoa kitu. Halafu hata hiyo nyumba imebomolewa na wale wa kubomoa kando ya mto. Wako ile shule ya huko chini, na wengine. Unataka limau?"

Basi. Sentensi tatu nne na limau. Grupu la wazazi 31, ticha, ofisi, laptopu, linki kila asubuhi, na hakuna aliyejua. Mama wa mahindi alijua tangu siku ya pili, na angemwambia yeyote ambaye angesimama akauliza.

Nilisimama pale na hindi langu mkononi na nikashindwa kulila.

Darasa

Shule zilitumika kama kambi sehemu nyingi, tuliona kwa habari. Lakini kuona kwa habari ni mbali sana na kuingia. Madawati yamepangwa juu ya mengine hadi karibu na dari upande mmoja, kamba za nguo zimefungwa kutoka dirisha hadi dirisha, magodoro yaliyolowa yamesimamishwa ukutani yakauke na hayakauki kwa sababu jua halijatoka, harufu ya matope na mafuta ya taa na watoto wachanga. Ubaoni bado kuna hesabu za muhula uliopita, kugawanya sehemu, hakuna aliyefuta.

Na yeye alikuwepo. Namba 17. Amekaa juu ya dawati karibu na mlango, na mbele yake amepanga vitabu vyake, kila kimoja kimefunguliwa katikati na juu yake jiwe dogo. Daftari la Kiswahili limenusurika. La Hesabu wino umekimbia, kurasa zimekuwa za buluu. Kitabu cha Sayansi kurasa zimegandana, alikuwa anazitenganisha moja moja kwa kipande cha rula, polepole sana, ulimi nje, kama fundi saa. Nilimtazama akitoa ukurasa mmoja mzima bila kuchanika, akaupuliza, akaweka jiwe.

Tangu tarehe 2 hadi siku hiyo sisi tulikuwa tunamwandika hayupo shuleni.

"Habari anti," akasema, na akashuka kwa dawati. Akaangalia nyuma yangu kama nimekuja na mtu. Halafu akaniuliza, "Wamefika wapi Sayansi?"

Sikujua. Nimeshinda jikoni siku zote hizo masomo yakipita sikioni na sikujua wamefika wapi.

Mamake alitokea na ndoo ya maji. "Karibu mama, hakuna kiti," akaniambia, na akacheka kidogo, na mimi nikaanza kulia, yeye ndiye akaanza kunibembeleza, jambo ambalo bado naliona aibu. Tukakaa kwa ngazi. Akanieleza. Maji yaliingia saa nane usiku, alimnyanyua mdogo, mkubwa akanyanyua mkoba wa shule na karai, wakatoka hivyo. Simu ilikuwa inachaji chini ukutani.

"Simu ndiyo ilikuwa kila kitu. Namba ya ticha iko ndani, yako iko ndani, hata hiyo linki ingekuja huko huko ndani. Mimi namba naijua moja tu kwa kichwa, ya mama yangu ushago, na yeye simu yake anaenda kuchaji kwa jirani."

Nikamuuliza mbona hukwenda shuleni kumwambia mtu. Akanyamaza. Akasema alikwenda mara moja, geti lilikuwa limefungwa. Halafu akasema, polepole, "Na nilikuwa na baki ya karo. Nilijua wakiona kimya watafikiri ni karo. Nikaona wacha wafikiri hivyo."

Kwa hivyo mimi nilinyamaza nisimwaibishe kwa karo, naye alinyamaza akijua tutadhani ni karo.

Ticha alinipigia

Usiku ule niliandika kwenye grupu. Sikueleza kila kitu, niliomba ruhusa yake kwanza na alichoniruhusu ndicho nilichoandika. Watu walijitokeza, hilo niwape haki yao, ndani ya saa moja kulikuwa na godoro, blanketi, simu ya zamani ya mtu, yunifomu mbili. Kuna mmoja aliandika, "Jamani si mngesema mapema." Nilitaka kumjibu vibaya. Nikaacha, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na ule ujumbe niliofuta Jumanne.

Saa nne usiku ticha akanipigia. Mimi nilikuwa nimeshamkasirikia moyoni, nilishapanga maneno, nitamuuliza ni netwaki gani hiyo ya wiki nzima. Kabla sijafungua mdomo nikasikia analia.

Alikuwa anafundisha kutoka chumba kimoja, mtoto wake mchanga amelala kitandani nyuma ya simu, ndio maana kamera yake ilikuwa inaangalia ukuta. Bando ananunua mwenyewe. Akaniambia, "Darasani, dawati likiwa tupu naliona. Namtuma mtoto mmoja kimyakimya, nenda kwa mama wa chapati hapo getini muulize, na hakuna anayejua. Kule kwa Zoom nitauliza vipi? Nikiuliza, nauliza mbele ya wote na wazazi wao wako nyuma yao jikoni wanasikia. Na kama ni karo je? Nikasema netwaki. Netwaki haimuaibishi mtu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mmoja wa hao wazazi wa jikoni.

Nimefikiria sana maneno yake. Tunasema sana habari ya bando na vifaa na stima kupotea, na ni kweli, kuna watoto wengi nchi hii ambao mwaka 2020 hawakusoma chochote na hakuna aliyewarudishia. Lakini kwa huyu kijana simu ilikuwepo, mpaka maji yalipoichukua. Bila mafuriko linki ingemfika. Kilichokosekana kwake ni ile njia ndogo ya pembeni, ya kumuuliza mtu bila kumvua nguo mbele za watu. Shuleni hiyo njia ipo kila mahali, kwa foleni ya maji, kwa geti, kwa mpishi anayeona sahani imebaki. Kwenye skrini kuna kusema mbele ya wote au kunyamaza, na sisi watu wa kusitiriana tulichagua kunyamaza, kila mmoja kwa wema wake, na mtoto akakaa zaidi ya wiki kwa darasa la watu bila mwenzake hata mmoja kujua yuko hai.

Yuko hai. Hilo pia nalirudia sana. Manake ile wiki kulikuwa na watoto ambao hawakuwa hai, na rejista zao zingesema netwaki hivyo hivyo.

Karatasi kwenye friji

Kuna kitu kimoja tumefanya, na sijui kama kinatosha. Nilipendekeza kila familia ipewe familia mbili. Siyo kwa simu, kwa karatasi, kwa kalamu. Karatasi yetu iko kwenye friji, ina majina mawili, namba za simu, nyumba iko wapi, na mtu mmoja wa karibu ambaye si mzazi, kwa mfano keateka wa ploti, au mwenye duka. Masomo yakihamia onlaini tena na mtoto asiposikika, anayemuuliza ni hao wawili, kimya kimya, siku hiyo hiyo. Na mvua ikinyesha usiku kucha mnapigiana hata kama hakuna shule.

Wengine wamekubali. Wengine wamesema hawataki watu wajue wanakaa wapi, na baada ya yote haya nawaelewa, ingawa inaniuma. Mmoja alisema hiyo ni kazi ya shule, tunalipa karo. Labda ni kazi ya shule. Ticha ana watoto 31 na wake wa 32 amelala nyuma ya simu.

Na nina wasiwasi wangu mwingine ambao sijaumaliza. Je, tungesimamisha masomo? Kama kuna mtoto mmoja hayuko, tungesema basi, hakuna onlaini mpaka wote wapatikane? Kuna siku naona ndiyo. Halafu namkumbuka binti yangu usiku wa mvua ameshika mkono wangu, na asubuhi akiwa mezani anacheka na wenzake kwa sababu jogoo wa mtu amewika katikati ya Kiingereza, na sina ujasiri wa kusema ningemnyang'anya hiyo. Mimi ni mama. Nataka wake awe sawa na nataka wa mwenzangu awe sawa, na ile wiki sikuweza kuvishika vyote viwili kwa mkono mmoja.

16, 18

Jumatatu tarehe 13 shule zilifunguliwa. Namba 17 hakurudi. Kambi ilibidi iondoke ili madarasa yasafishwe, nyumba hakuna, kibanda hakuna, na mamake aliamua kuwapeleka watoto ushago, Vihiga, kwa mamake, mpaka ajipange. Tuliwasindikiza hadi stendi. Vitabu vilikauka, vimevimba kama maandazi, mkoba haukufungika zipu, tukaufunga kwa kamba.

Binti yangu ananiambia ticha sasa anaita namba 16, halafu anakaa kidogo, halafu namba 18. Kuna mtoto alisema si wasogeze namba zote, mwenye 18 awe 17. Ticha akakataa.

Siku ya Jumapili tunapiga simu Vihiga. Ameingia shule ya huko, wako nyuma kidogo kwa Sayansi na mbele kwa Hesabu, na binti yangu humsomea noti naye anaandika upande wa pili. Jumapili iliyopita walikuwa wamefika sehemu ya udongo, mfinyanzi na kichanga na tifutifu, upi unashika maji na upi unayaachilia, na binti yangu akiwa katikati ya sentensi kukasikika kishindo kwenye simu. Mvua ya alasiri ya kule, kwenye mabati. Sauti ya kijana ikazama kabisa. Nikamwambia kata, mama, tutapiga baadaye, dakika zinaisha.

Hakukata. Aliiweka simu mezani, spika wazi, ile mvua ya Vihiga ikanguruma sebuleni kwetu, akachukua rula akaanza kupigia mistari daftari lake. Kila baada ya muda anainama karibu na simu.

"Uko?"

Anangoja. Anapiga mstari mwengine.

"Uko?"